Droni ya gramu 249 na anga la Kigoma

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, niko Mwanga hapa Kigoma. Kaka yangu anafanya kazi Dubai na anarudi likizo mwezi ujao. Nimemwomba aniletee droni ndogo, ile ya gramu 249, maana nimesoma kwamba zilizo chini ya gramu 250 hazihitaji kusajiliwa wala kibali. Nina kazi ya harusi ufukweni upande wa Bangwe. Bwana harusi anafanya biashara ya dagaa, kwa hiyo anataka pia picha za mitumbwi ikitoka Kibirizi jioni na taa zake, na ikiwezekana niende kwa boti hadi Gombe nichukue milima kutoka ziwani. Rafiki yangu mmoja anasema nisihangaike, droni yenyewe inakataa kupaa sehemu iliyokatazwa, ikikubali ujue ni halali. Mwingine anasema droni zimepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo kaka aifungue vipande avifiche kwenye nguo. Nimechanganyikiwa. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi? Halafu ziwa letu lina upepo: nitajuaje kama itarudi?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la haraka, kwa sababu kaka yako anakaribia kusafiri. Mwambie asinunue kwanza. Hapa kwetu kibali kinaanza kabla droni haijaingia nchini. Na hilo la kuificha kwenye nguo lisifanyike kwa namna yoyote. Mashine ya ukaguzi uwanjani inaona betri na mota hata zikiwa zimefungwa ndani ya soksi, na jambo ambalo lingekuwa la karatasi tu linageuka kuwa kosa la kuingiza kitu kwa kificho. Kosa hilo litamwangukia kaka yako, aliyekuwa anakusaidia.

Rafiki zako wote wawili wamekosea. Droni hazijapigwa marufuku Tanzania. Mwaka 2018 droni ilikuwa ikijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, safari ya kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa takriban dakika 40, na wapima ardhi na wapiga picha wenye vibali wanarusha kila siku. Mwaka huohuo wa 2018 zilitoka kanuni mahsusi za ndege zisizo na rubani, chini ya sheria ya usafiri wa anga, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kinachokatazwa ni kurusha bila idhini. Idhini yenyewe ina milango miwili: TCAA, wanaoangalia usalama wa ndege na watu walio chini, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, wanaoangalia usalama wa nchi. Wengi hukwama kwa sababu waligonga mlango mmoja wakadhani wamemaliza.

Mlango wa pili unawaudhi watu, lakini kwa Kigoma fikiria ulipo. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ukipanda kaskazini ni Burundi. Mjini kuna bandari, kuna reli, na vyombo vya ulinzi vina kazi ziwani. Kamera inayopita juu ya vitu hivyo haiandikwi ubavuni kwamba ni ya harusi. Askari akiiona angani hana njia ya kujua nia yako isipokuwa karatasi uliyonayo mfukoni.

Sasa gramu 250. Hukuizua wewe, ni habari ya kweli, ila ni ya nchi nyingine. Marekani droni nyepesi kuliko hapo haihitaji kusajiliwa iwapo mtu anairusha kwa burudani. Ulaya nako uzito huo una nafuu zake. Watengenezaji wakaona soko, wakatengeneza mashine za gramu 249 na kuutangaza uzito huo dunia nzima. Hata hukohuko Marekani nafuu hiyo isingekufaa: ukirusha kwa kazi ya malipo, hata iwe gramu 249, unasajili. Na wewe harusi unalipwa. Kwa hiyo unapojaza maombi yako andika wazi kwamba ni shughuli ya biashara. Usijiandikishe kama mtu wa burudani ili mambo yawe mepesi, kwa sababu siku ya ajali bima itauliza ulikuwa unafanya nini pale, na video ya harusi itajibu kwa niaba yako.

Na ile hoja kwamba droni inakataa yenyewe. Baadhi ya kampuni huweka ndani ya mashine ramani ya maeneo yaliyofungwa. Ramani hiyo imechorwa na kampuni. Mamlaka ya nchi haikuichora. Mwezi Januari 2025 DJI, kampuni inayotengeneza droni, iliondoa ufungaji huo kwa watumiaji wa Marekani na kuacha maonyo tu kwenye skrini. Sheria ya Marekani haikubadilika siku ile, viwanja vya ndege vilibaki palepale. Kilichobadilika ni uamuzi wa kampuni. Kambi, hifadhi au jengo la serikali huku kwetu laweza lisiwemo kabisa kwenye ramani yao, na mashine ikapaa vizuri sana juu ya mahali ambapo hukupaswa kuwa.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo mtu wa Kigoma anapaswa kulielewa kuliko yote, nalo ni uwanja wa ndege. Mjini, Katubuka, Ujiji, kote ni kilomita chache tu kutoka njia ya kurukia. Ndege ya abiria inapokuja kutua hushuka kwa mteremko wa takriban nyuzi 3, yaani hupoteza kama mita 52 za kimo kwa kila kilomita moja. Piga hesabu: ikiwa kilomita 2 kutoka mahali itakapogusa njia, iko karibu mita 105 tu juu ya ardhi. Kikomo cha kawaida cha droni ni futi 400, kama mita 120. Maana yake, kwenye mstari wa kutua unaweza kuwa ndani ya kikomo chako, hujavuka hata mita moja, na bado uko kimo kilekile cha ndege yenye watu. Ndiyo maana kimo peke yake hakikulindi. Kabla ya kazi yoyote chukua ramani ya satelaiti, pima umbali kutoka uwanjani hadi utakaposimama, na urefushe mstari wa njia ya kurukia pande zote mbili uone unapita juu ya nini. Vipimo hivyo uviambatanishe kwenye maombi yako. Afisa anayepokea ombi lenye ramani, saa, kimo na jina la mahali ana kitu cha kuamua. Anayepokea "naomba kurusha droni Kigoma" hana.

Kuna mtego mwingine wa kimo, na milima yetu inaufanya uwe mkali zaidi. Ile namba ya kimo unayoiona kwenye skrini haipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Inapimwa kwa mgandamizo wa hewa, kuanzia pale uliporukia. Ukisimama kwenye kilima kilicho mita 100 juu ya maji, ukaipeleka ziwani skrini ikisema 80, droni iko mita 180 juu ya maji, nawe unajiona mtu wa sheria. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Umesimama ufukweni, umeweka kimo cha kurudi nyumbani mita 60, ukaipitisha nyuma ya kilima chenye mita 90. Mawasiliano yakikatika, na kilima huyakata, droni itapanda hadi mita 60 tu kisha ianze safari ya kurudi moja kwa moja, ikiwa na kilima mbele yake. Baadhi zina vihisi vya kukwepa vikwazo. Nyingi za ile saizi ndogo zina vihisi vya chini tu, au vya mbele visivyoona matawi membamba na nyaya za umeme. Kwa hiyo kimo cha kurudi nyumbani kiwekwe upya kila mahali unaporukia, kikipita kitu kirefu kuliko vyote vilivyo kati yako na droni, na bado ndani ya kibali.

Umeuliza kuhusu upepo, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla. Chukua droni yenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde hewa ikiwa tulivu. Upepo ukivuma mita 7 kwa sekunde kuelekea ziwani, itaenda nao kwa mita 17 kwa sekunde, na kilomita moja itakwisha kabla ya dakika moja. Wakati wa kurudi inabaki na mita 3 kwa sekunde. Kilomita ileile itachukua dakika tano na nusu, mota zikikaza muda wote na betri ikishuka kwa kasi. Wavuvi wa Kibirizi wanalijua hili kwa makasia: kusukumwa na upepo kwenda mbali hakumchoshi mtu, anachoka anapogeuza mtumbwi. Mtu wa droni haoni uchovu huo, anaona asilimia za betri tu, na akishtuka ziko 30.

Upepo wa ziwa letu una tabia yake ya kila siku. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, hewa ikavuta kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku ardhi hupoa haraka, hewa ikashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na hali hiyo huendelea hadi asubuhi mapema. Asubuhi ndipo ziwa huonekana limelala, na kweli ndio wakati mzuri wa kurusha, ila kumbuka kwamba pumzi hiyo ndogo inakusukuma kwenda nje. Kiangazi, kuanzia kama mwezi wa tano hadi wa nane, kuna upepo wa kusi ambao ni habari nyingine kabisa, hupiga kwa nguvu siku kadhaa mfululizo. Wakati wa mvua hatari ni dhoruba: wingu jeusi likiwa bado mbali, upepo wake hufika kabla ya tone la kwanza. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na programu za upepo zinazoonyesha kasi kwa vimo tofauti, kwa sababu mita 100 juu upepo huwa mkali kuliko unaousikia usoni. Kisha uliza wavuvi. Ukifika kazini anza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili kurudi kuwe upande wa nafuu, na geuza betri ikiwa bado juu ya nusu.

Juu ya maji usishuke chini sana. Vihisi vya chini hutazama alama za ardhi ili droni itulie mahali pake, na mawimbi ni alama zinazotembea, hivyo huweza kuteleza au kushuka bila wewe kuamuru. Na ukirusha kutoka kwenye boti, "nyumbani" kwa droni ni pale boti ilipokuwa ulipoirusha. Boti ikisogea mita 300, droni itarudi kwa utii kabisa na kutua majini.

Sasa kazi zako tatu. Harusi ya Bangwe inawezekana mtu akiwa na kibali, ila si juu ya vichwa vya wageni. Propela ndogo inakata ngozi na kuharibu jicho, na mtoto wa harusini hukimbilia kitu kinachoshuka. Piga eneo kabla wageni hawajakaa, kisha wakati wa shughuli kaa pembeni, upande wa maji, na uwe na mtu wa pili wa kutazama angani wakati wewe unatazama skrini. Zungumza na uongozi wa mtaa mapema. Halafu kuna jambo la heshima ambalo kwetu linajulikana: ufukweni watu wanaoga. Kamera isiende huko. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama anayeoga hakuomba kuwa kwenye video ya mtu. Mwewe nao wawe akilini mwako, maana mji umejaa mwewe na ufukweni kuna furukombe. Ndege akianza kuizunguka droni, acha kurekodi, panda juu, kisha irudishe.

Mitumbwi na taa zake ni picha ninayoielewa kwa nini bwana harusi anaitaka. Lakini giza likishaingia unahitaji idhini mahsusi, usidhani kibali cha mchana kinabeba usiku. Isitoshe, katika nchi zilizo karibu na ikweta, baada ya jua kuzama tabaka la juu la anga huweza kuvurugika na kuyumbisha mawimbi ya GPS, ambayo ndiyo yanayoishika droni mahali pake. Ushauri wangu ni uipige mitumbwi ikitoka wakati bado kuna mwanga wa jua, kisha taa uzipige kwa kamera ya mkononi kutoka kwenye kilima au ndani ya mtumbwi. Na panga tarehe na wavuvi wenyewe, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali kazi ya taa husimama.

Gombe, hapana, si kwa safari hii. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na hifadhini droni hairushwi bila idhini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambayo inakuja juu ya vibali vile viwili na wala haichukui nafasi yake. Usifikiri ukikaa kwenye boti uko nje ya mambo ya hifadhi. Kuhusu mpaka wa hifadhi ulipo, waulize TANAPA wenyewe. Wale sokwe wamefuatiliwa tangu hayati Jane Goodall alipofika mwaka 1960, na kuwashtua ni kuharibu kazi ya miaka zaidi ya 60. Mwaka 2015 sokwe wa Burgers' Zoo, Uholanzi, alichukua fimbo akaitungua droni iliyokuwa ikimpiga picha, kwa hiyo hata wao wanaiona kama mvamizi. Sitakupa ujanja wa kulikwepa hili. Vivyo hivyo kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, siku mteja akikuita kule: bila ruhusa ya wenye mamlaka, begi la droni libaki nyumbani.

Ufanye nini basi? Kwa harusi hii, tafuta mwendeshaji ambaye tayari ana vibali na bima, mkubaliane bei, umwingize kwenye gharama za mteja. Itakula faida yako, na akitoka Mwanza au Dar es Salaam kuna nauli na malazi. Hata hivyo mteja atapata picha zake na wewe utaona jinsi mtu mwenye karatasi anavyofanya kazi. Mwombe akuonyeshe vibali vyenyewe, visomeke jina lake, droni yake, eneo na tarehe. Kibali cha Arusha cha mwaka juzi si kibali cha Bangwe.

Sambamba na hilo anza maombi yako mwenyewe: kuingiza, kusajili, bima ya madhara kwa watu wengine, na idhini ya kila kazi. Yanachukua muda, usimwahidi mteja tarehe ukiwa huna jibu mkononi. Lipia ada kwa namba ya malipo ya serikali tu, ile kontroo namba, na uhifadhi risiti. Mtu akikuambia atumiwe kwenye simu yake ili "aisukume," hapo hakuna kibali. Kama unapiga harusi mbili au tatu kwa mwaka zinazohitaji droni, kukodi kutakutosha na kununua ni mzigo. Kama ni mbili kwa mwezi, njia ndefu ya vibali italipa. Na usidharau milima uliyonayo: kuna vilima mjini ambako ukisimama na lenzi ndefu saa kumi na moja jioni, ghuba nzima iko chini yako, na huhitaji idhini ya anga.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Nenda mwenyewe ofisi za usafiri wa anga pale uwanjani ukiwa na ramani yako, uwaulize kuhusu eneo la Bangwe na saa za ndege. Dakika 20 ana kwa ana zinamaliza maswali ya wiki nzima. Kurusha jifunze kwa mwalimu, uwanda wazi, kabla ya kwenda juu ya maji. Betri iliyovimba usiichaji wala kuitoboa, itenge mbali na vitu vinavyoungua na umpelekee fundi anayezijua. Droni ikimjeruhi mtu, hospitali kwanza, na taarifa polisi ili apate PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, usisuluhishe kimyakimya pembeni. Na ikishikiliwa na forodha au askari, usibishane pale: omba karatasi inayoonyesha nini kimechukuliwa na nani, kisha tafuta wakili.

Kama kaka yako ameshailipia, aiache kwa mtu anayemwamini kulekule Dubai na akutumie picha ya boksi lenye jina la modeli na namba ya mashine. Utahitaji vyote viwili kwenye fomu ya maombi, na likizo ijayo ataileta ikiwa na karatasi zake.